Ranwei fupi: uamuzi niliufanya kwa kuchelewa, na hesabu moja sikuifanya kabisa

Mleta uzi

Wakuu habari zenu. Hili jambo nimekaa nalo muda mrefu, leo nimeamua niliandike lote, maana kila nikikutana na wenzangu tunaorusha ndege ndogo naona kosa nililofanya mimi wengi tunalo, ila halijawafika tu.

Narusha Cessna 172S, ndege ndogo ya injini moja na viti vinne. Siku hiyo nilikuwa na rafiki yangu, ndugu zake wanamsubiri kwenye kiwanja cha nyasi cha mita 600, kipo futi 2,000 juu ya usawa wa bahari. Sikwenda kichwakichwa, usiku wake nilikaa na kitabu cha ndege nikapiga hesabu. Kitabu kinasema ndege ikiwa na uzito wake wa juu kabisa, usawa wa bahari, joto la kawaida, lami kavu tambarare, upepo hakuna, flapu (vile vibao vya nyuma ya mabawa vinavyokuwezesha kuja polepole) zote chini na breki umezibana kwelikweli, basi kuanzia unapopita futi 50 juu mpaka isimame unahitaji futi 1,335, kama mita 407 hivi. Sasa katika hizo 407 magurudumu yanakuwa chini kwa mita 175 tu, zilizobaki zote bado uko hewani. Hiyo ishikeni, tutairudia.

Halafu nikaongeza ya kuongeza. Mamlaka ya anga ya Uingereza ina kijarida cha usalama cha ndege ndogo kinachotoa vizidisho, na ni vya kuzidisha sio kujumlisha: kila futi 1,000 za mwinuko ongeza 5%, kila digrii 10 za joto zaidi ongeza 5%, nyasi kavu 15%, nyasi mbichi zenye maji 35%. Mimi nikaweka mwinuko, nikaweka digrii 10 za joto juu ya kawaida, 407 ikawa 471, nikaweka nyasi kavu ikawa 542. Ranwei, yaani njia ya kutulia na kurukia, ni mita 600. Nikaona nina mita 58 za kubaki, nikalala vizuri tu.

Kijarida hichohicho kinasema ukimaliza yote zidisha tena kwa 1.43 kama akiba ya usalama. Niliisoma. Ingenipa mita 775 na safari ingeishia palepale mezani. Nikajiambia hiyo wanalazimishwa wenye ndege za biashara, sisi binafsi tunashauriwa tu, halafu tuko wawili na mafuta nusu, ndege nyepesi. Naomba msome hiyo sentensi tena, maana kila neno ndani yake ni kweli na bado ndiyo iliyonipeleka pabaya. Ile 1.43 inakuwepo kwa sababu namba za kitabu alizipata rubani wa majaribio na ndege mpya, breki mpya, siku nzuri, na anajua anapimwa. Mimi na ndege ya kukodi yenye breki zilizotumika na watu mia sio yeye.

Asubuhi tukaruka. Kufika juu ya kiwanja naangalia chini naona nyasi zinang'aa. Mvua ilikuwa imepita. Wakuu, nilikiona kile king'aro kwa macho yangu nikakipita, sikurudi kwenye hesabu hata kichwani. 471 mara 1.35 ni 636, yaani ranwei ilikuwa tayari imepungua mita 36 kabla sijageuka kuingia faineli (ule mstari wa mwisho ulionyooka kwenda kutua), hapo hata akiba sijaweka.

Faineli hewa ilikuwa inarusharusha kidogo. Kasi ya kitabu kwa ranwei fupi ni noti 61 (noti moja ni kama kilomita 1.85 kwa saa), mimi nilikuwa na 68 maana mwili wenyewe unakataa kwenda polepole ukiona ardhi ndogo mbele na miti pembeni. Noti 7 unaona ni kitu kidogo, lakini nguvu ya mwendo inapanda kwa mraba wa kasi, 68 dhidi ya 61 ni karibu robo zaidi ya nguvu ambayo inabidi uimalize mahali. Na tulikuwa wepesi, ndege ikipungua uzito kwa 10% kasi inayotakiwa nayo inashuka kama 5%, kwahiyo yangu ilitakiwa iwe 58 wala sio 61. Ule wepesi niliouhesabu kama faida nikaugeuza hasara mwenyewe.

Kando ya kile kiwanja kuna mawe yamepakwa chokaa, kila mita 100 jiwe moja. Nikapunguza injini, nikainua pua, ndege ikakataa kukaa. Jiwe la kwanza likapita dirishani. Jiwe la pili likapita. Naona nyasi ziko pale chini kabisa, magurudumu yako juu yake labda futi 3, ndege inaelea tu imetulia kama haina habari. Kwa mwendo ule kila sekunde mita 30 na zaidi zinaondoka. Honi ya onyo, ile inayolia mabawa yakikaribia kushindwa kuibeba ndege, ikaanza kulia taratibu nikajua sasa inataka kukaa, na kichwani nasema bado kidogo, bado kidogo. Jiwe la tatu likafika usawa wa bawa. Rafiki yangu hakusema kitu ila niliona mkono wake umeshika chini ya kiti. Nikasukuma mafuta mpaka mwisho, nikapandisha flapu hatua moja tu, nikazuia pua isiruke, tukapita juu ya mwisho wa ranwei chini kuliko ninavyotaka kukumbuka.

Tukaenda kutua kwenye kiwanja cha lami kirefu, nusu saa kutoka pale. Kesho yake nikaenda kwa gari kwenye kile cha nyasi nikakitembea chote kwa miguu. Baada ya jiwe la sita kuna mtaro. Nikasimama kwenye jiwe la tatu nikaangalia ule mtaro, mita 300, nikasugua soli ya kiatu kwenye nyasi ikateleza kama sabuni. Kwa nyasi zile na kasi ile 300 zisingetosha.

Lakini hilo silo lililoninyima usingizi. Nikiwa nimesimama pale ndio nikajiuliza kwa mara ya kwanza: hivi ningetua, ningetokaje? Ndege hii kuruka inataka nafasi kubwa kuliko kutua, kitabu kinasema mita 497 kufika futi 50 kwa usawa wa bahari. Vizidisho vya kuruka navyo ni vikali zaidi, 10% kwa kila futi 1,000, 10% kwa kila digrii 10, nyasi kavu 20%. Piga: 661, kisha 794. Ukiwa mwepesi kwa 10% unapata nafuu, inarudi kama 661. Ranwei ni 600. Kile kiwanja kilikuwa kifupi cha kutoka kabla hakijawa kifupi cha kuingia, na mimi sikuwa nimeifungua hata kurasa ya kuruka.

Kwahiyo ninachotaka kusema ndio hiki, na mnipinge kama nakosea: wengi tunaingia faineli tukiwa tumeshaamua kutua, halafu tunatafuta sababu ya kughairi, na sababu haionekani kirahisi ukiwa na haraka. Mimi sasa naingia nikiwa nimeshaamua kupaa tena. Hiyo ndiyo safari yangu ya kawaida. Kutua ni kitu ambacho ndege na ranwei wanipe ruhusa, futi 300 juu ya ardhi kasi iwe ileile niliyoiandika kwenye karatasi, flapu zote chini, injini imetulia, siyumbi huku na huku, na nina alama moja kando ya ranwei niliyoichagua nikiwa bado mezani, magurudumu yasiposhika kabla yake naondoka, hakuna bado kidogo. Kikikosekana kimoja ruhusa haijatoka.

Nawasilisha, karibuni.


Bawa la Kushoto

Mkuu asante kwa uzi, umeandika kwa uwazi. Ila mimi naona hesabu nyingi zinaua urubani. Kuna watu kila siku wanatua Lukla kule Nepal, ranwei ni mita 527 tu na iko juu milimani, na ndege zao ni kubwa kuliko hiyo 172. Ni suala la mkono wa rubani na mazoezi.


Mleta uzi

Mkuu mfano mzuri na nakushukuru, ila tuuangalie vizuri. Lukla ni mita 527 kweli, lakini imeinama kama 12%, unatua ukipanda mlima na unaruka ukishuka, mlima wenyewe ndio breki. Twin Otter, zile ndege za injini mbili zinazokwenda pale, zina propela za kugeuza nguvu kurudi nyuma, 172 haina kitu hicho. Na pale ukishafika karibu huwezi kughairi, mbele ni ukuta wa mlima, ndio maana hawaruhusu mtu yeyote tu aende. Courchevel Ufaransa ni hivyohivyo, mita 537 na mwinamo unapita 18%, bila kibali maalumu cha milimani huendi. Kisiwa cha Saba kule Karibi ni kama mita 400 na pande zote mbili ni bahari, nako wanakwenda marubani waliopewa mafunzo ya pale pale.

Kwahiyo mkono upo, sikatai. Ila hao wenye mkono ndio wanaohesabu kuliko sisi. Kiwanja changu kilikuwa tambarare na hakuna aliyenifundisha kukitua.


Mwanafunzi wa Saa 40

Shikamooni wakubwa. Mimi bado najifunza. Naomba kuuliza kuhusu upepo, maana mleta uzi hajagusa. Ukiwa na upepo wa mbele si unaweza kufidia hiyo mita 36?


Mleta uzi

Marahaba mdogo wangu. Siku ile soksi ya upepo (ule mfuko wa kitambaa kwenye mlingoti unaoonyesha upepo) ilikuwa imelala kwahiyo sikuwa na wa kunisaidia, ila swali lako ni la msingi sana. Upepo wa mbele unasaidia, kitabu cha 172S kinakupunguzia 10% kwa kila noti 9. Sasa angalia upande wa pili, upepo wa nyuma kinakuongezea 10% kwa kila noti 2. Noti 2 ni upepo ambao usoni hausikii vizuri. Ukiingia na noti 5 nyuma yako umeongeza robo nzima ya umbali unaohitaji, na noti 5 hizohizo mbele hazikupi hata 6%. Ndio maana mimi upepo wa mbele siuweki kwenye hesabu kabisa, ukiwepo ni zawadi, lakini wa nyuma nauweka wote. Viwanja vifupi vina miti, vina vilima, upepo wa juu sio wa chini, soksi inaweza kukuonyesha kitu mwanzoni mwa ranwei na katikati pakawa pengine.


Mwalimu wa Zamani

Nimefundisha kuruka miaka mingi, nimesoma uzi wote. Kijana umesema vizuri, niongeze ya vitendo.

Wanafunzi wengi wakisikia ranwei fupi wanakuja chini chini na injini nusu, pua juu, wanaikokota ndege juu ya miti wakilenga pale mwanzo kabisa. Hiyo ni hatari kuliko kuelea. Ukiwa polepole namna hiyo upepo ukikatika kidogo ndege inazama, na ukivuta pua ndio inazama zaidi, injini peke yake ndiyo inakuokoa na labda haitoshi. Njoo kwa mwinamo wa kawaida au mkali kidogo, kasi moja isiyobadilika. Ukipita mwanzo wa ranwei futi 10 juu zaidi kwa mwinamo wa digrii 3, umetupa karibu futi 200 za ardhi, kama mita 60. Futi 10 ni urefu wa chumba. Kwahiyo pima vyote viwili, kasi na kimo.

Macho nayo yanadanganya. Ranwei nyembamba inakufanya ujione uko juu kuliko ulivyo, unashuka mno. Inayopanda mlima nayo inakudanganya hivyohivyo. Inayoteremka inafanya kinyume, unajiona uko chini, unakuja juu, unapitiliza. Kiwanja cha nyasi chembamba kinachoteremka kwa mbali kinaweza kukuvuruga akili kabisa, kwahiyo usiamini hisia, soma kipimo cha kasi na kimo.

Ukishagusa, gusa kwa uhakika, usiibembeleze. Pandisha flapu ili uzito ukae kwenye magurudumu, ila hakikisha mkono umeshika flapu na sio kitu kingine, hasa ndege zenye magurudumu ya kukunja, watu wameshakunja magurudumu wakiwa chini. Breki kwenye nyasi mbichi bana kwa kuongeza taratibu, gurudumu likifunga linateleza tu halisimamishi kitu.

Na hili wengi hawaambiwi: ukishagusa na umeanza breki kwenye ranwei fupi, umeshaamua. Ukiona mwisho unakuja usijaribu kuruka tena. Kuingia kwenye uzio ukiwa na noti 15 mtatoka mmesimama kwa miguu yenu. Kujaribu kuruka bila kasi na kuigonga miti ukiwa na noti 50, hapo sina la kusema. Alama yake ya kupaa tena ni ya kabla ya kugusa, sio baada.


Mleta uzi

Mwalimu shikamoo, na asante sana. Hiyo ya mwisho nilikuwa sijaiweka wazi na ni muhimu kuliko nusu ya niliyoandika.


Kimo na Kasi

Swali la hesabu. Kitabu cha 172S kwa nyasi kavu kinasema ongeza 45% ya ule urefu wa kukimbia chini. Wewe umetumia 15% ya urefu wote. Sasa tufuate ipi? Au tuweke zote?


Mleta uzi

Usiweke zote mkuu, ni kitu kimoja kimepimwa njia mbili. 45% ya mita 175 ni kama 79, na 15% ya 407 ni 61. Chukua kubwa. Kwa nyasi mbichi kitabu hicho hakikupi namba, kwahiyo hapo narudi kwenye kile kijarida, na ujue hata 35% yake sio mwisho, nyasi fupi sana zilizolowa juu ya udongo mgumu kinasema zinaweza kufika 60% maana zinateleza kama barafu. Nikikumbuka ile soli ya kiatu naamini ndio zilikuwa hizo.


Bawa la Kushoto

Nimerudi. Nimefanya hesabu ya kiwanja ninachotua mara kwa mara, sitaki kukitaja. Kutua napita hata na 1.43. Kuruka nikiwa na watu watatu siku ya joto sipiti. Nimetoka pale zaidi ya mara kumi na watu watatu.


Mleta uzi

Asante kwa kuandika hivyo mkuu, najua sio rahisi. Kuruka akiba yake ni 1.33, ukipata nafasi iweke nayo. Na kama lazima utoke pale kuna kanuni ya zamani ya marubani: tafuta nusu ya ranwei, weka alama, ukifika hapo uwe na 70% ya kasi ya kunyanyukia, kama huna kata injini, bado una nusu ya kusimamia. Ila hiyo ni ya kukuokoa siku hesabu imekosea, haisimami badala ya hesabu. Watu wawili kati ya hao watatu washushe uje uwachukue mmoja mmoja, au wakutane na wewe kiwanja kirefu.


Mwanafunzi wa Saa 40

Swali la mwisho. Huyo rafiki yako ulimwambiaje? Maana ndugu zake walikuwa wanawaona kutoka chini. Mimi nadhani hapo ndipo ningeshindwa.


Mleta uzi

Hapo ndipo nilikaribia kushindwa mimi. Zile "bado kidogo" zangu nusu yake zilikuwa za wale watu waliosimama pembeni wanapunga mikono.

Sasa hivi abiria namwambia kabla hajafunga mkanda, kwa maneno haya haya: leo huenda tukaenda tukaona kiwanja na tusitue, tutaenda kutua sehemu nyingine, gari la kutufuata nimeshalipanga, na ukisikia injini imenguruma tukiwa karibu na ardhi ujue ndio mpango. Nikishasema hivyo sina tena wa kumwonea aibu. Na gari nakuwa nimelipanga kweli, maana usipokuwa na njia ya pili iliyo tayari utajikuta unaing'ang'ania ya kwanza.

Kwa huyo rafiki, siku ile nilimwambia tumerudi juu kwa sababu nilikosea kasi. Hakuuliza zaidi.

Na kwa kuwa wengine mmeniuliza pembeni kama nilirudi, ndiyo nilirudi, miezi mingi baadaye. Kiangazi, nyasi kavu, alfajiri kukiwa na baridi, niko peke yangu na mafuta kidogo. Hesabu ya kutua na akiba yote ilitoka kama 575, ya kuruka na akiba yake kama 550. Rafiki yangu alikuja kwa gari na begi lake, akasimama kando kwenye jiwe la pili, ndilo nililoliweka kama alama. Niliingia na noti 54, magurudumu yakashika kabla sijamfikia.